Ionantha, xerographica au zile ndevu: tilandsia ipi itakaa vizuri kwako?

Watu wakianza kuipenda hii mimea inayoishi bila udongo huwa wanakwama palepale, kati ya aina tatu. Kuna kale kadogo kanakoenea kiganjani, kamekaa kama shungi la juu ya nanasi, hako ni Tillandsia ionantha. Kuna lile kubwa la rangi ya fedha, majani yamejikunja kama nywele zilizotoka kwenye rola, hiyo ni Tillandsia xerographica. Alafu kuna zile nyuzi ndefu za kijivu zinazoning'inia kama ndevu za babu, Tillandsia usneoides, mimi naziita ndevu tu na humu ntaendelea kuziita hivyo. Nimefuga zote tatu hapa Dar, dada yangu anazo Nairobi na shoga yangu mmoja anazo Muscat kule Oman, so ninayoandika ni yale tuliyoyaona kwenye nyumba zetu, na nyumba zenyewe hazifanani hata kidogo, ndo maana mmea uliomshinda dada kwangu unachanua.

Na hapo ndo ishu yenyewe ilipo. Wengi wanachagua kwa picha, mimi nakwambia chagua kwa swali moja: ukiulowesha huo mmea hapo unapotaka kuuweka, utakauka baada ya saa ngapi?

Kwanza ni mmea gani huu

Tilandsia ni ukoo mmoja na nanasi. Kwao ni Amerika, kuanzia kusini mwa Marekani mpaka Argentina, na aina zake zinazidi 600. Huku kwetu porini hazipo kabisa, Afrika nzima ina mmea mmoja tu wa ukoo huo wa nanasi ulioota wenyewe, uko kwenye miamba ya Guinea, hata nanasi tunalokula lililetwa. Kwao zinashika kwenye matawi, kwenye mawe, nyingine zinaota mpaka juu ya nyaya za umeme, na mizizi kazi yake ni kushikilia tu, maji na chakula vinaingia kwa majani. Ukiangalia jani kwa karibu utaona limefunikwa na magamba madogo sana meupe, hayo ndo mdomo wake. Chovya jani kwenye maji uone, ule weupe unapotea na jani linageuka kijani mbele ya macho yako, kwa sababu magamba yameshajaa maji na sasa unaona jani lenyewe.

Jirani yangu alipoona nimefunga moja kwenye mwembe alikuja mbio, "Jirani, hicho si kirukia hicho? Kitakuulia mwembe wako!" Nikambandulia aone. Kirukia kinapenyeza mizizi ndani ya tawi na kuunyonya mti, hii imeshika gome la nje tu, ukiivuta inatoka na gome linabaki zima kama lilivyokuwa. Haumdai mti chochote zaidi ya pa kukaa.

Kitu kingine, msidanganywe na wanaouza wakisema "haihitaji maji". Hilo kosa ni la zamani, liko mpaka kwenye jina. Linnaeus, yule Mswidi aliyeipa mimea majina ya kisayansi, aliuita mmea huu kwa heshima ya Elias Tillandz, daktari na mtu wa mimea wa Turku huko Ufini wa karne ya 17, ambaye inasimuliwa kwamba alipokuwa mwanafunzi alivuka bahari kwenda Stockholm akaumwa vibaya sana na mawimbi, kurudi akaamua kuzunguka kwa nchi kavu safari yote. Linnaeus akaona jina hilo linaufaa mmea usiopenda maji. Lakini unayapenda. Usichopenda ni maji yanayokaa.

Vigezo nitakavyotumia

Kila mmea ntaupima kwa mambo yaleyale: maji na kukauka, mwanga, joto na hewa, nafasi na pa kuuweka, bei na kupatikana, ukikosea inakuwaje, na maua na watoto. Mwisho wa kila mmoja ntasema unamfaa nani.

Kukauka naanza nako kwa makusudi. Kanuni yangu ni saa nne, mmea ukiloweshwa uwe umekauka kabisa ndani ya saa nne hivi, hasa kule katikati majani yanapokutana. Na uloweshe asubuhi, sio usiku. Mimea hii mchana inafunga vitundu vya majani ili isipoteze maji, inavifungua usiku kuvuta hewa ya kaboni, nanasi nalo linafanya hivyohivyo, sasa ukiilaza ikiwa imelowa ni kama umeiziba pua.

Kipimo ninachotumia nyumbani ni kanga. Ilowe, ikamue vizuri, itundike palepale unapotaka kuweka mmea saa mbili asubuhi. Saa sita mchana nenda kaishike. Kama imekauka, hapo pana hewa. Kama bado ina unyevu kwenye mikunjo basi tafuta sehemu nyingine au weka feni. Kanga sio tilandsia, najua, ila inakuonyesha upepo wa nyumba yako kuliko maelezo yoyote ya muuzaji.

Mambo manne ni ya zote tatu, nayasema mara moja. Shaba ni sumu kwao, iwe waya wa shaba, iwe mrututu unaopigwa kwenye nyanya au kahawa, upepo ukileta ule ukungu wa dawa mpaka kwenye mimea yako umeumia. Maji ya kisima yenye chumvi, ambayo wengi wetu Dar ndo tunayo, yanaacha unga mweupe kwenye majani na kuziba yale magamba, kinga ya mvua, hata ndoo moja ya mvua inakutosha wiki kadhaa kwa mimea michache. Mbolea weka ile ya okidi au ya maua ya kuyeyusha, robo ya kipimo kilichoandikwa, mara moja kwa mwezi inatosha, na urea ya mahindi achana nayo, itaunguza majani. La nne, usiifukie kwenye udongo. Najua inatia huruma kuiona imekaa wazi hivyo lakini ukiifukia itaoza shina.

Ionantha

*Maji na kukauka.* Hii ndo rahisi kuliko zote kwenye kukauka kwa sababu ni ndogo na majani yake yamesimama wazi. Mimi naizamisha kwenye bakuli nusu saa, mara moja kwa wiki, wakati wa kaskazi jua likiwa kali naongeza kuipulizia maji katikati ya wiki. Ukiitoa ikamate kichwa chini, ikung'ute mara tatu nne kama unavyokung'uta mchicha, iache imelala ubavu kwenye taulo. Kwangu kibarazani saa moja na nusu imeshakauka.

*Mwanga.* Inataka mwanga mwingi, lakini sio jua la saa saba mchana. Dirisha la mashariki ndo kwao, ipate lile jua la asubuhi mpaka saa tatu hivi, baada ya hapo kivuli chenye mwanga. Ukiiweka mbali na dirisha haifi haraka, inabaki tu kijani kilichofifia, inarefuka, na kuchanua hamna.

*Joto na hewa.* Kwao ni kuanzia Mexico mpaka Costa Rica, kwenye misitu ya mvua za msimu na kiangazi, so joto la Pwani halina shida nayo. Baridi ya Nairobi ya mwezi wa saba, usiku ikishuka mpaka nyuzi 10 au 12, za dada zimevumilia miaka yote, anachofanya ni kupunguza maji tu.

*Nafasi na pa kuiweka.* Ni sentimita 6 mpaka 10, so inakaa popote, kwenye kipande cha gogo, kwenye jiwe, dirishani. Mimi nazikalisha kwenye vifuu vya nazi vilivyotobolewa chini, hewa inapita na maji yanatoka, na kifuu kinapendeza kuliko vile vibakuli vya glasi wanavyouza navyo. Vibakuli vya glasi vyenye mdomo mdogo sivipendi kabisa, ndani mle unyevu haupati pa kutokea. Kufungia tumia nailoni ya mshipi wa kuvulia samaki, haionekani na haiozi. Mwanzoni mimi nilifunga moja kwa waya uliobaki fundi umeme alipomaliza kazi, waya mzuri laini unaong'aa, kumbe ni shaba tupu. Baada ya wiki kadhaa kitako kikaanza kuwa cheusi kuanzia pale waya ulipogusa, kikapanda taratibu mpaka majani yakaanza kudondoka moja moja. Nyingine mbili nilizofunga siku ileile kwa mshipi, kwenye gogo lilelile, hazikupata kitu, na mpaka leo ziko.

*Bei na kupatikana.* Ya bei ndogo kati ya hizi, na ukiona kitalu kina tilandsia hata aina moja tu, mara nyingi ndo hii.

*Ukikosea.* Inasamehe. Ukiisahau wiki mbili majani yanajikunja kwa ndani na ncha zinakuwa za kahawia, unaizamisha saa mbili tatu inarudi. Kinachoiua ni kuikalisha kwenye maji, basi.

*Maua na watoto.* Hapa ndo ilipoteka roho yangu. Ikikomaa majani ya katikati yanaanza kuwa mekundu, yaani kijani kinaondoka kidogo kidogo kwa wiki nzima mpaka mmea unakuwa kama kaa la moto, alafu katikati vinatoka vijibomba vya zambarau vyembamba kama vijiti vya kiberiti, na nchani vina unga wa njano. Maua yenyewe yanakaa siku chache tu. Kila mmea unachanua mara moja maishani, baada ya hapo unatoa watoto pembeni, kawaida wawili watatu, na mama anazeeka taratibu mwaka au zaidi. Usiwang'oe watoto mapema, subiri wafike angalau theluthi moja ya mama, au waache wote pamoja, baada ya miaka utakuwa na bonge la mviringo linalochanua pande zote.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, mwenye nafasi ndogo, mwenye mda wa dakika chache kwa wiki, na anayetaka kuona maua bila kungoja miaka mingi. Haimfai mtu anayetaka mmea mmoja mkubwa unaoonekana mgeni akifungua mlango, ionantha moja kwenye sebule kubwa inapotea.

Xerographica

*Maji na kukauka.* Hii ndo inayoliliwa na watu wengi kwa sababu ndo inayopendeza kwenye picha, na ndo inayooza kimyakimya. Majani yake ni mapana, yamepandana kitako kama maganda ya kitunguu, na kila jani linatengeneza kikombe pale chini. Maji yakiingia humo hayatoki mpaka uyatoe. Naichovya kichwa chini kwenye beseni dakika kumi na tano, mara moja kila siku kumi mpaka wiki mbili, alafu naikung'uta hasa, naigeuza, nakung'uta tena, naiacha kichwa chini juu ya waya wa kukaushia vyombo mpaka mchana. Ukiona nasisitiza hivi kuna sababu. Kuna masika moja niliilowesha kama kawaida nikaiweka wima juu ya meza sebuleni, mvua ikapiga siku tatu mfululizo, madirisha tumefunga, umeme unakatika so hata feni hamna. Kwa nje ilikuwa nzuri kabisa, fedha yake ilevile. Siku ya tano nikavuta jani la katikati kuondoa vumbi, likatoka lote mkononi bila kuvutwa, laini, kitako kimekuwa cha kahawia na kinanuka kama maji ya ua yaliyokaa kwenye jagi. Nikajaribu la pili likatoka, la tatu likatoka. Katikati ikishafikia hapo hakuna cha kuokoa.

Porini kwao, kwenye misitu mikavu ya kusini mwa Mexico, Guatemala, El Salvador na Honduras, mvua ni kama milimita 550 mpaka 800 kwa mwaka. Hiyo iko karibu na mvua za Dodoma kuliko za Dar. Ukikaa na hiyo picha kichwani, mmea wa Dodoma unaohamia Pwani, utajua mwenyewe ni lini uache kumwaga maji.

*Mwanga.* Inavumilia jua kuliko wenzake, jua la asubuhi la saa tatu nne inalipenda, ila uizoeshe wiki kadhaa, ukiitoa ndani ghafla na kuitupa juani inapata mabaka meupe yasiyofutika. Dirisha lenye pazia zito haliifai.

*Joto na hewa.* Joto sawa, ukavu sawa, baridi iliyochanganyika na unyevu hapana. Shoga yangu wa Muscat anasema kwake ndo mmea usiomsumbua kuliko yote, kiyoyozi kinakausha hewa ya ndani mchana na usiku, dirisha lina mwanga wa kutosha, anaichovya kila baada ya siku kumi na inakauka mara moja. Kwa dada Nairobi ilikaa vizuri mpaka Juni Julai, siku za mawingu na manyunyu, hapo ikabidi aihamishie juu ya kabati karibu na taa na asiiloweshe karibu mwezi mzima, anapulizia tu siku likitoka jua.

*Nafasi na pa kuiweka.* Ikikua inafika sentimita 60 upana na zaidi, so itafutie mahali pake mapema. Haihitaji kufungwa, iweke tu juu ya mdomo wa chungu au kikapu kilicho wazi. Inavyojikunja inakupa taarifa pia, majani yakijikunja sana ina kiu, yakinyooka nyooka inapata maji mengi.

*Bei na kupatikana.* Ghali, mara nyingi zaidi ya ionantha, kwa sababu inakua polepole sana, kutoka mbegu mpaka kukomaa ni miaka mingi. Na hapa nawaomba kitu. Porini ilichumwa sana mpaka ikaingizwa kwenye Kiambatisho cha Pili cha CITES, ule mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini, biashara yake kuvuka mipaka inataka kibali, juu ya kile cheti cha afya ya mmea ambacho kwa Kenya wanaohusika ni mamlaka ya KEPHIS na kwa Tanzania ni TPHPA. Guatemala wanazizalisha mashambani kwa ajili ya kuuza, hizo ndo za kununua. Muulize muuzaji wazi ilitoka wapi na karatasi ziko wapi, akianza kujikanyaga achana nayo. Misitu ile mikavu imebaki kidogo, na sisi tunaoupenda mmea ndo tutakaoumaliza tusipouliza.

*Ukikosea.* Kiu inavumilia sana, wiki tatu bila maji inakaa. Unyevu haisamehi.

*Maua na watoto.* Unangoja miaka. Lakini likija shina la maua linakua taratibu, kijani na wekundu na njano, na linakaa miezi. Watoto wachache, na wanakua kwa mwendo wa mama yao.

*Inamfaa nani.* Mwenye sebule yenye mwanga na kiyoyozi au hewa kavu, anayesafiri safiri, anayetaka mmea mmoja wa kuangaliwa na yuko tayari kulipia. Mtu mwenye mkono wa kumwagilia kila siku nampenda lakini asichukue hii.

Ndevu

*Maji na kukauka.* Hapa mambo yanageuka. Nyuzi zake ni nyembamba, kila moja imefunikwa na yale magamba, zinakunywa haraka na kukauka haraka mno. So shida yake ni kiu. Sehemu kavu inataka kuloweshwa kila siku au kuzamishwa dakika ishirini mara mbili tatu kwa wiki. Pwani kwenye unyevu, ikining'inia nje chini ya ukingo wa paa, wakati wa masika mimi siigusi kabisa, na wakati wa kaskazi naipiga maji na spreya kila asubuhi nikiwa napiga mswaki. Kosa ni kuifanya tita nene, katikati ya tita hewa haifiki na panaoza huku nje panaonekana pazuri, itawanye iwe pazia jepesi unaloona mwanga upande wa pili.

*Mwanga.* Kivuli chenye mwanga. Chini ya mwembe, chini ya mparachichi, kibarazani. Jua kali la mchana linaikausha.

*Joto na hewa.* Hii ndo yenye eneo kubwa kuliko tilandsia zote, imeenea kutoka Virginia Marekani mpaka Argentina, so baridi ya Nairobi, Arusha au Iringa haiitishi. Neno usneoides maana yake inayofanana na Usnea, na Usnea wengi mnaijua bila kujua jina, zile ndevu za kijani kijivu zinazoning'inia kwenye miti ukipanda Kilimanjaro au Aberdare ukifika kwenye msitu wa mawingu. Ile ni likeni, yaani kuvu na mwani vinavyoishi pamoja, sio tilandsia, hazina undugu hata kidogo, ila zote mbili zinapenda hewa yenye ukungu inayotembea, ukikumbuka ulivyojisikia mle msituni utajua ndevu zako zinataka nini. Chumba chenye kiyoyozi siku nzima ndo kinyume chake.

*Nafasi na pa kuiweka.* Haichukui meza wala sakafu, inataka urefu wa kushuka tu. Mimi nimeitundika kwenye kamba ya katani. Ndege wanaipenda, mnana walinichukulia uzi mmoja mmoja msimu wao wa kujenga mpaka nikasogeza ndani kidogo, na kwao Amerika ndege wanaijengea viota vilevile. Watu nao waliitumia, Louisiana walikuwa wanaivuna, wanaiozesha ganda la nje, alafu ule uzi mweusi wa ndani wanajazia magodoro na viti vya magari.

Huo uzi mweusi ndo unakusaidia kujua kama imekufa. Usihukumu kwa rangi ya kijivu, ikiwa kavu iliyo hai nayo ni ya kijivu. Chukua uzi, ulowe. Ukigeuka kijani uko hai. Ukibaki wa kahawia, ukaukwangua kwa kucha na ganda likatoka likabaki kama unywele mgumu mweusi, huo umekufa, ukate.

*Bei na kupatikana.* Inauzwa kwa fungu na kwa kweli ukinunua fungu dogo inatosha, kwa sababu kila kipande kinakua. Aliye nayo mara nyingi atakukatia bure, tuombane.

*Ukikosea.* Kusahau kwako kunaiua, na inakufa bila kukuonya sana. Ila hata robo ikibaki hai unaanza upya.

*Maua na watoto.* Maua yake ni madogo ya kijani njano, utayapita bila kuyaona, mpaka jioni pua ikuambie, yana harufu nyepesi ya usiku. Watoto hesabu haina maana hapa, kata kipande tundika, huo ni mmea mwingine.

*Inamfaa nani.* Mwenye kibaraza au mti, anayekaa nyumbani, anayependa kushika mimea yake kila siku. Asiye nyumbani siku tano kwa wiki itamshinda.

Sasa wewe uko wapi?

Ghorofani bila balkoni, kiyoyozi kimewashwa kutwa, dirisha lina mwanga: xerographica kama mfuko unaruhusu, ionantha kama hauruhusu, na ionantha uizamishe mara mbili kwa wiki. Ndevu hapo unazitesa.

Pwani, kibaraza kinachopigwa upepo wa bahari: ndevu na ionantha zote mbili, na ukitaka xerographica iweke chini ya paa isipate mvua kabisa, ikae ubavu au kichwa chini wakati wa masika. Kama upepo unaleta chumvi mpaka unaihisi kwenye vioo vya dirisha, suuza majani kwa maji ya mvua kila wiki.

Nyanda za baridi, Nairobi, Limuru, Mbeya, Njombe: ndevu na ionantha kwanza. Xerographica iwe ndani, juu, karibu na mwanga, na miezi ya Juni mpaka Agosti maji karibu yasiwepo.

Uko Ulaya au Marekani ya kaskazini: kipindi cha baridi mna matatizo mawili kwa pamoja, hita inakausha hewa na jua ni la masaa machache, so ionantha kwenye dirisha la kusini, na hakikisha haijagusa kioo chenye barafu. Ndevu zipeleke bafuni kama bafu lina dirisha.

Unasafiri wiki mbili tatu kila mara: xerographica. Kabla ya safari usiiloweshe siku ya kuondoka eti ibaki na akiba, ilowe siku mbili kabla ili uione imekauka ndo ufunge mlango.

Zawadi kwa mtu asiyejua mimea: ionantha iliyoanza kuwa nyekundu, kwenye kifuu, na karatasi ndogo yenye mistari mitatu, nusu saa kwenye maji kila Jumamosi asubuhi, kung'uta kichwa chini, usifukie.

Na kama kanga yako saa sita mchana bado mbichi na nyumba ndo hiyo huna pa kuhamia, anza na ionantha moja tu mbele ya feni ya meza, iwashe kwa mda wa saa mbili kila ukimaliza kulowesha, ikimaliza masika nzima kitako kikiwa kigumu ndo urudi dukani.